Kesho ya Mgonjwa wa Kiharusi Katika Vitongoji vya Dar es Salaam

Katika nyumba yoyote ya Temeke au Kinondoni ambamo mzee amelala hali amepooza upande mmoja wa mwili, maswali ya jamaa zake ni mawili tu. La kwanza ni kama atainuka. La pili, ambalo aghalabu huulizwa barazani, mbali na masikio ya mgonjwa, ni kama ugonjwa ule utarudi. Swali la kwanza waganga na matabibu wa kila zama wamelijibu kwa kadiri ya maarifa yao. La pili halikupata jibu lenye hesabu ndani yake mpaka siku za karibuni, na kukawia kwake kuna sababu tatu: namna mji wenyewe ulivyokua, namna vifo vyake vilivyohesabiwa, na kitu kidogo kiitwacho amiloidi, ambacho hukaa katika kuta za mishipa ya damu ya ubongo bila mwenyewe kujua.

Vitongoji hivyo si vya kale. Serikali ya Waingereza iliugawa mji wa Dar es Salaam kwa rangi za watu: Wazungu karibu na bahari, Wahindi katikati, na Waafrika Kariakoo, na baadaye Ilala. Kariakoo ilipofurika baada ya vita vya pili vya dunia, ndipo Magomeni, Temeke na Kinondoni zikapimwa viwanja na kujengwa nyumba. Hesabu ya mwaka 1957 iliwakuta katika mji wote watu 128,742. Ya mwaka 1967 ikawakuta 272,821. Na sensa ya mwaka 2022 ikawakuta katika mkoa mzima watu 5,383,728. Waliomiminika walikuwa vijana waliokuja kutafuta kazi, na wengi wao walipozeeka au walipougua walirudi kwao bara au pwani kusini kwenda kuuguzwa na kuzikwa. Tena mwaka 1967 umri ambao mtoto aliyezaliwa Tanzania angeweza kutarajia kuuishi ulikuwa wa miaka arobaini na michache tu. Ugonjwa wa uzee hauwezi kuonekana mahali ambapo wazee ni wachache na hata hao wachache huondoka. Hospitali kubwa ya Princess Margaret, ambayo leo ni Muhimbili, ilifunguliwa mwaka 1956, na shule ya utabibu ikaanzishwa mwaka 1963. Lakini vitanda vyake vilijaa malaria, kifua kikuu, utapiamlo na uzazi wa taabu, na tabibu aliyeletewa mtu aliyepooza hakuwa na cha kumtazamia ndani ya fuvu isipokuwa akili yake mwenyewe.

Neno nalo lilisaidia kuificha habari. Kiswahili humwita mgonjwa huyu aliyepatwa na kiharusi, au aliyepooza, na watu wengine husema amepigwa na upepo. Chini ya neno hilo moja yamekaa magonjwa mawili ambayo asili zao zinapingana. Katika la kwanza mshipa wa ubongo huzibwa na donge, na sehemu iliyokuwa ikinyweshwa na mshipa ule ikafa kwa ukame. Katika la pili mshipa hupasuka, na damu ikamwagika na kuufinya ubongo. Dawa imfaayo wa kwanza, ile ya kuifanya damu isigande, yaweza kumdhuru wa pili. Hili si la kuilaumu lugha, kwa sababu Kiingereza nacho kina neno moja kwa yote mawili, na jicho la tabibu hodari, likitazama mdomo uliopinda na mkono ulioanguka, haliwezi kuyatenganisha kwa yakini. Yanatenganishwa na picha ya kichwa, na picha hiyo ilichelewa sana kufika, na mpaka leo haiko karibu na kila mgonjwa.

Kazi ya kuhesabu ilianza mwaka 1992. Wizara ya Afya ya Tanzania, pamoja na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Newcastle cha Uingereza, ilichagua sehemu tatu: baadhi ya mitaa ya Dar es Salaam, wilaya ya Hai katika mkoa wa Kilimanjaro yenye neema kiasi, na sehemu ya Morogoro vijijini iliyokuwa maskini. Kila nyumba ikaandikwa, na kila kifo kikafuatwa. Namna ya kufuata ndiyo inayostahili kuelezwa, kwa kuwa uzuri wake na upungufu wake wote umo humo. Watu wengi hawakufia hospitali, wala hawakuwa na cheti cha tabibu. Basi baada ya siku za matanga kupita, mjumbe aliyefundishwa alifika nyumbani kwa wafiwa, akaketi nao, akauliza kwa utaratibu: alianza kuugua lini, ghafula au kidogo kidogo, alipoteza nguvu upande gani, alisema au hakusema, alipoteza fahamu muda gani kabla ya kukata roho. Majibu yaliandikwa, yakasomwa na matabibu ambao hawakumwona marehemu, nao wakaamua kilichomwua. Kwa hiyo shahidi mkuu wa historia ya kiharusi katika mji huu ni mke, binti au dada aliyekaa kando ya kitanda. Ushahidi wake ulikuwa bora kuliko ulivyodhaniwa, maana kiharusi ni ugonjwa wa ghafula, na kitu cha ghafula hakisahauliki. Lakini shahidi huyo hakuweza kusema kama mshipa ulizibwa au ulipasuka. Na kama ulipasuka, hakuweza kusema ulipasuka kwa nini.

Matokeo ya miaka mitatu ya kwanza yalichapishwa mwaka 2000 na Richard Walker na wenzake. Katika vifo 7,629 vya watu wazima, 421 vilikuwa vya kiharusi. Wajuzi walitazamia kukiona ugonjwa huu wa Wazungu na matajiri ukiwa haba. Walikuta kinyume. Miongoni mwa watu wa miaka 15 hadi 64, baada ya kusawazisha umri, Dar es Salaam ilipoteza kwa kiharusi kila mwaka wanaume 65 na wanawake 88 katika kila watu 100,000. Hai wanaume 44 na wanawake 33. Morogoro wanaume 35 na wanawake 27. Uingereza na Wales, katika mwaka 1993, hesabu hiyo haikufika 11 kwa wanaume wala 9 kwa wanawake. Msomaji atatazama hasa wanawake wa Dar es Salaam. Mwanamke wa mjini aliyekuwa bado katika umri wa kufanya kazi alikuwa katika hatari ya kufa kwa kiharusi karibu mara kumi ya mwenziwe wa Uingereza.

Hesabu ya vifo huwasahau waliopona. Ndiyo sababu mradi wa pili ulifuata, tangu Juni 2003 mpaka Juni 2006, ukiwatafuta wagonjwa wenyewe, walio hai na waliokufa, katika Hai yenye watu karibu 160,000 na katika mitaa ya Dar es Salaam yenye watu zaidi ya 56,000. Wagonjwa wapya 453 walipatikana Hai, na 183 mjini. Kwa hesabu ya moja kwa moja tofauti ni ndogo: 94.5 kwa mwaka katika kila watu 100,000 huko Hai, na 107.9 Dar es Salaam. Lakini hesabu hizo ziliposawazishwa kwa umri, Hai ikabaki 108.6 na Dar es Salaam ikaruka mpaka 315.9. Kuruka huko si mchezo wa tarakimu. Maana yake ni kwamba mjini wazee ni wachache, ndiyo sababu wagonjwa huonekana wachache. Lakini kila mmoja wa wazee hao amebeba hatari kubwa sana. Vijana walioijaza Temeke na Kinondoni wanazeeka sasa, na watoto wao wamezaliwa mjini, wala hawana kijiji cha kuwarudisha wazazi wao.

Kuna jambo moja katika utafiti huo ambalo lingemshangaza mtu asomaye kwa haraka. Gerry Mshana na wenzake, walioandika mwaka 2008, waliwauliza wagonjwa, jamaa zao na waganga sababu ya kiharusi. Ingedhaniwa kuwa watu wa mjini, waliokaa karibu na hospitali kubwa, wangetaja shinikizo la damu, na watu wa shamba wangetaja majini. Ikawa vingine. Hai ndiko walikoeleza ugonjwa kwa mambo ya mwili, wakaenda hospitali kwanza. Dar es Salaam ndiko walikotaja majini na uchawi kwa wingi, wakaanza kwa mganga. Si vigumu kuelewa. Kijijini mtu amezungukwa na watu anaowajua tangu utotoni. Katika mtaa wa kupanga, wenye nyumba ya vyumba sita na kabila sita, jirani hajulikani alikotoka, na mtu aliyelala mzima akaamka hawezi kuinua mkono ametendwa jambo, au ndivyo inavyoonekana. Tena mganga huja nyumbani, huketi, huchua kiungo kilichokufa, na hutoa sababu; na mtu aliyepatwa na msiba hutaka sababu kabla ya kutaka dawa. Wenye kuicheka imani hiyo wanapaswa kukiri kwamba tabibu wa zahanati, asiye na picha ya kichwa, naye hakuwa na sababu kamili ya kutoa.

Sasa ndipo amiloidi inapoingia. Jina ni la zamani kidogo: Rudolf Virchow, Mjerumani, alilitoa mwaka 1854 kwa kitu kilichogeuka rangi kikitiwa iodini kama wanga ugeukavyo, akadhani ni cha jamii ya wanga. Ni protini, lakini jina lilikwisha shika. Mnamo mwaka 1909 Gustav Oppenheim alikieleza katika mishipa ya bongo za wazee. Muda mrefu baadaye kiliachwa kuwa jambo la udadisi kwa watazamao bongo za maiti kwa hadubini. Hutanda katika kuta za mishipa midogo ya ganda la nje la ubongo na ya utando unaoufunika; huua misuli ya ukuta; na ukuta uliokuwa wa kunyumbuka ukawa mkavu na wa kuvunjika. Shinikizo la damu huipasua hasa mishipa ya ndani, katika kiini cha ubongo. Amiloidi huipasua ya juu, karibu na ganda, na mara nyingi zaidi sehemu za kisogoni. Tofauti hiyo ya mahali ndiyo iliyowapa wataalamu wa Boston, katika miaka ya 1990, kanuni ya kuutambua ugonjwa kwa mtu aliye hai: mzee aliyetokwa damu zaidi ya mara moja katika sehemu za juu tu, pasipo sababu nyingine, yamkini ana amiloidi. Kanuni hiyo ilirekebishwa mwaka 2010 na tena mwaka 2022, na sasa hutumika kwa watu wa miaka 50 na zaidi. Lakini yahitaji mashine ya MRI yenye namna ya picha ionyeshayo matone madogo ya damu ya zamani, yale ambayo mgonjwa hakuyahisi yalipotoka.

Je, ugonjwa huu upo Afrika Mashariki, au ni wa nchi za baridi? Kwa miaka mingi ilisemwa, kwa kutegemea bongo chache zilizotazamwa Nigeria, kwamba Mwafrika haotwi na amiloidi ubongoni. Mwaka 1996 Julius Ogeng'o wa Nairobi na wenzake walichapisha habari za bongo za watu wa Afrika Mashariki waliokufa bila kupotewa na akili, wakazilinganisha na bongo za Wamarekani wa Cleveland. Amiloidi ilionekana katika baadhi ya bongo za Nairobi, na sehemu yake haikuwa mbali na ile ya Wamarekani. Utafiti ule ulikuwa mdogo, nao haukuhusu waliotokwa na damu. Hata hivyo ulitosha kuliondoa neno “haipo”. Kati ya kutokuwapo na kutotazamwa kuna umbali mkubwa, na katika Temeke na Kinondoni aliyekufa huzikwa upesi, mara nyingi siku ile ile, wala hapana desturi ya kuufungua ubongo wake. Hapana wa kuilaumu desturi hiyo. Ni lazima tu ijulikane kwamba ushahidi ambao Oppenheim aliupata mezani hautapatikana huku kwa njia ile, na kwamba njia iliyobaki ni picha.

Faida ya kuujua ugonjwa kwa jina lake ni kwamba lile swali la barazani lina majibu mawili. Hesabu iliyokusanywa mwaka 2017 na Andreas Charidimou na wenzake kutoka tafiti za nchi mbalimbali ilionyesha kwamba, mtu akiisha kuokoka damu iliyotoka kwa sababu ya amiloidi, hatari ya kutokwa tena ni 7.4 kwa 100 kila mwaka. Akiwa ametokwa kwa sababu nyingine, hatari ni 1.1. Zikichukuliwa kwa miaka mitano mfululizo, ya kwanza inakaribia theluthi, ya pili ni kama mtu mmoja katika ishirini. Achukuliwe, mathalani, mzee wa miaka 72 wa Mtoni na mwingine wa rika lake wa Mwananyamala, wote wametokwa damu, wote wamenusurika, wote mkono wa kuume umelegea. Mmoja jamaa zake waweza kuambiwa kwa haki kwamba asipolegeza dawa ya shinikizo huenda asiupate tena ugonjwa ule. Wa pili jamaa zake wana haki ya kujua kwamba mzee wao hajatoka hatarini, na kwamba mambo ya urithi, ya shamba na ya nani atakaa na bibi yasingoje. Bila picha, wote wawili huambiwa neno moja: “Mungu atasaidia.” Neno hilo ni la kweli, lakini haliwapi jamaa la kupanga.

Tena kuna hatari isiyokuwa ya damu. Huko Lille, Ufaransa, waliofuatwa baada ya kutokwa na damu ubongoni, wakiwa na akili timamu kabla, 14 katika 100 walipotewa na akili katika mwaka wa kwanza, na 28 walipofika mwaka wa nne. Waliotokwa damu katika sehemu za juu, ndizo za amiloidi, walikuwa 23 katika mwaka wa kwanza, wengine 9. Mzee wa namna hii hurudi nyumbani akiwa ameinuka, akatembea kwa fimbo, majirani wakashukuru. Kisha baada ya miezi huanza kuuliza jambo moja mara tatu, kuwatuhumu wajukuu kwa wizi wa vitu alivyoviweka mwenyewe, kutoka nje usiku. Jamaa hudhani ni jambo jipya, au ni yale majini yaliyorudi. Ni ugonjwa ule ule, na huyo aliyekaa naye, ambaye karibu kila mara ni binti au mkaza mwana, laiti angeambiwa mapema asingejilaumu wala kulaumiwa.

Kuhusu uhai wenyewe, hesabu bora ya Tanzania imetoka Hai, si mjini, kwa kuwa huko watu hawahamihami, nao waweza kufuatwa kwa miaka. Katika wagonjwa 130 wa kiharusi cha aina zote waliofuatwa huko, karibu robo walikufa katika siku 28 za kwanza. Baada ya miaka mitatu sita katika kila kumi walikuwa wamekufa. Na walipotazamwa tena baada ya miaka saba hadi kumi, waliokufa walizidi wanane katika kila kumi. Kwa hiyo wengi hawafi kwa pigo la kwanza. Hufa katika miaka ile ya kati, wakiwa nyumbani, wakati ambapo dawa ya shinikizo, mazoezi ya viungo, na kumgeuza mgonjwa asipate vidonda ndivyo viwezavyo kusaidia, na ndivyo ambavyo hospitali imekwisha vikabidhi kwa familia.

Dawa ya kuiondoa amiloidi katika mishipa ya mgonjwa huyu haijapatikana. Lakini jambo moja limethibitika kufaa, nalo ni la bei ndogo. Katika utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2001, wa wagonjwa 6,105 waliowahi kupatwa na kiharusi au dalili zake za kupita, waliopewa dawa za kushusha shinikizo wakianzia na perindoprili walipatwa na kiharusi kingine kwa upungufu wa 28 katika 100. Mwaka 2010 hesabu ilirudiwa kwa kutazama damu ya namna ya amiloidi peke yake, na upungufu ukaonekana kuwa wa 77 katika 100. Wagonjwa wa namna hiyo ndani ya utafiti walikuwa wachache, kwa hiyo tarakimu isishikwe kwa nguvu; mwelekeo wake hauna shaka. Hata mshipa ulioharibiwa na kitu kingine hupasuka upesi zaidi ukisukumwa kwa nguvu zaidi. Juu ya aspirini, ambayo hutolewa huku kwa kila aliyepooza bila kujua kama alizibwa au alipasukiwa, hofu ilikuwa kubwa. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2019, wa watu 537 waliotokwa damu hali wakitumia dawa za namna hiyo, haukuona kwamba kuzirudia kuliwazidishia damu. Hao walikuwa wamepigwa picha kwanza, na wamechaguliwa na matabibu wao. Kuuchukua ushahidi huo na kuuhamishia kwa mzee ambaye hajawahi kupigwa picha ni kuvuka mto kwa kivuko cha mtu mwingine.

Basi lililobaki kwa hospitali za Temeke na Mwananyamala, na kwa zahanati zilizotapakaa mpaka Mbagala, ni kile kitambaa cha kufungwa mkononi na kujazwa upepo. Kilipopelekwa nyumba kwa nyumba katika Ilala na Hai, na habari zake kuchapishwa mwaka 2000, watu wazima kama watatu katika kila kumi walikutwa na shinikizo la juu. Miongoni mwao wasiofika ishirini katika kila 100 walikuwa wakijua. Kama kumi walikuwa wakitumia dawa. Na ambaye shinikizo lake lilikuwa limeshushwa ipasavyo hakufika hata mmoja.